Nyumba Siku ya Mvua

Mwezi Mei 1982, mke na mume katika jimbo la Florida, Marekani, walikubaliana kununua nyumba kwa dola 310,000. Walitanguliza dola 5,000, na mkataba uliwataka waongeze dola 26,000 ndani ya siku tano. Kabla ya kutoa fedha hizo za pili, mke alirudi kuitazama nyumba, na safari hii akaona mambo mawili. Lipu kwenye kona ya dirisha la sebule ilikuwa imevimba na kubanduka, na dari ya sebuleni na ya jikoni ilikuwa na madoa. Akauliza. Mwenye nyumba akamjibu kwamba dirisha liliwahi kuwa na kasoro ndogo iliyokwisha kutengenezwa zamani, na kwamba madoa yale yalikuwa ya gundi ya karatasi za ukutani na ya boriti za dari zilizowahi kusogezwa. Mama akaridhika. Fedha zikalipwa, wenye nyumba wakahama.

Siku chache baadaye mvua kubwa ikanyesha. Mama alipoingia alikuta maji yakibubujika kando ya dirisha, yakishuka kutoka darini na kwenye taa, yakipenya kwenye milango ya vioo, mpaka yanatoka kwenye jiko la kupikia. Mafundi wa paa walioletwa na dalali walisema kazi ile haizidi dola 1,000. Mafundi watatu walioletwa na wanunuzi walisema paa lenyewe ni bovu, na hakuna dawa ila kuezeka upya kwa dola 15,000. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Florida, ambayo mwaka 1985 iliamua kwamba muuzaji anayejua kasoro inayogusa thamani ya nyumba, kasoro ambayo mnunuzi haijui wala hawezi kuiona kwa urahisi, hana ruhusa ya kunyamaza. Lazima aseme.

Katika kisa hicho aliyefanya ukaguzi wa kweli alikuwa mvua. Tatizo ni kwamba alifika baada ya fedha kutoka mkononi. Msomaji wa Tabata, Kisauni au Kasarani anaijua hadithi hii hata kama hajawahi kusikia jina la Florida. Nyumba hutazamwa kiangazi, saa nne asubuhi, jua likiwaka, ikiwa imepakwa rangi wiki hiyo hiyo. Dalali amekwisha kufungua madirisha yote ili hewa ipite. Harufu ya rangi mpya imefunika harufu nyingine zote. Mnunuzi anaingia, anapapenda, na akitoka nje anauliza jambo moja tu: hati ipo?

Swali hilo ni la lazima. Lakini hati inaeleza kiwanja. Haisemi lolote kuhusu nondo zilizo ndani ya nguzo.

Mahakama ya Florida ilimwekea muuzaji wajibu wa kusema. Afrika Mashariki mzigo bado unamwelemea mnunuzi. Tanzania na Kenya zilirithi kutoka Uingereza ile kanuni kongwe kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inalisema jambo hili bila kuzunguka. Kwa mujibu wa kifungu cha 17, kukaa kimya tu kuhusu jambo linaloweza kuathiri utayari wa mtu kuingia mkataba si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamwajibisha mtu kusema, au ukimya wenyewe ni sawa na kauli. Kifungu cha 19 kinakwenda mbali zaidi: hata pale ambapo ukimya ulikuwa wa hila, mkataba hauvunjiki ikiwa aliyedanganywa alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa bidii ya kawaida.

Maneno hayo, bidii ya kawaida, yanastahili kusomwa mara mbili na kila anayejiandaa kununua nyumba. Maana yake ni kwamba asiyepanda ngazi kuchungulia juu ya dari anaweza kuja kuambiwa mahakamani kuwa ngazi ilikuwepo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ukaguzi haihitaji kifaa chochote. Ni kuuliza, na kuuliza kwa maandishi. Paa liliwahi kuvuja? Maji yaliwahi kuingia ndani? Kuna ukuta uliovunjwa au chumba kilichoongezwa baada ya nyumba kumalizika? Kuna kibali cha ujenzi, na kinataja ghorofa ngapi? Kuna deni la maji, mkopo wa benki au kesi? Mwenye nyumba akinyamaza bila kuulizwa, sheria inamstahi. Akiulizwa na akajibu uongo, tena kwa saini yake, ameshatoka kwenye ukimya na kuingia kwenye kauli, na kauli ya uongo ina kesi ya kujibu. Karatasi moja yenye maswali kumi, iliyoambatishwa kwenye mkataba wa mauziano, ni kinga kubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani.

Sasa nani akague? Marekani kazi hii ni fani kamili. Mnunuzi akishaafikiana na muuzaji kuhusu bei, humleta mkaguzi wake, naye hutumia saa kadhaa kuanzia paa hadi msingi, kisha hutoa ripoti yenye picha, na mara nyingi mkataba humpa mnunuzi nafasi ya kujitoa au kudai matengenezo ripoti ikiwa mbaya. Uskoti walipindua utaratibu tangu Desemba 2008: huko muuzaji ndiye anayepaswa kuwa na ripoti ya hali ya nyumba tangu siku anapoitangaza sokoni.

Dar es Salaam na Nairobi hakuna ofisi nyingi zenye kibao cha mkaguzi wa nyumba. Kazi hiyo hukusanywa kutoka kwa watu kadhaa: mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, fundi umeme mwenye leseni, fundi bomba, na mpima ardhi wa kuthibitisha mipaka. Kosa linalojirudia ni kumhesabu mthamini wa benki kuwa ndiye mkaguzi. Mthamini ana kazi yake, na ni kazi ya heshima, lakini swali analojibu ni la benki: nyumba hii ikiuzwa, mkopo utarudi? Mnunuzi anauliza jambo jingine kabisa: nikilala humu, niko salama?

Tofauti hiyo iliwahi kumwangukia mwanamke mmoja, kwa maana halisi ya neno, katika mji wa Norwich, Uingereza. Mkopeshaji wake alimtuma mthamini, mthamini akaandika kwamba nyumba haihitaji matengenezo ya lazima, na mama akanunua kwa kuiamini ripoti ile. Mthamini alikuwa ameona kwamba sehemu ya chini ya dohani, ile inayopita vyumbani, ilikuwa imebomolewa. Hakupanda darini kutazama kama sehemu iliyobaki juu ilikuwa imeegemea kitu. Haikuwa imeegemea chochote. Baada ya miezi kama 18 matofali yalishuka yakapasua paa na dari, yakatua ndani ya nyumba. Mwaka 1989 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilisema mthamini anawajibika kwa mnunuzi, ingawa fomu ilikuwa imejaa maneno ya kujivua wajibu.

Kisa hicho kina thamani kwa mkaguzi yeyote, hata yule anayejikagulia mwenyewe. Mthamini yule hakuwa kipofu. Aliona alama, kisha hakuifuata mpaka ilikoanzia. Ukaguzi mzuri una tabia moja: kila alama huulizwa ilitoka wapi, na jibu hutafutwa upande wa pili wa ukuta, juu ya dari, au chini ya sakafu.

Basi safari ianzie nje ya geti, tena mbali kidogo nalo. Desemba 2011 mvua ambazo hazikuwa zimeonekana Dar es Salaam tangu 1954 zilijaza bonde la Msimbazi, zikaua watu na kuzamisha nyumba za Jangwani na maeneo jirani hadi madirishani. Serikali iliwahamishia waathirika wengi Mabwepande. Nyumba zilizobaki zilikauka. Zilipigwa rangi. Mtu mgeni ambaye angepita Januari iliyofuata asingeona kitu, kama hakujua pa kutazama. Maji huacha mstari ukutani, na rangi ikiufunika ndani ya nyumba inayouzwa, mstari hubaki kwenye ukuta wa jirani asiyeuza. Vizingiti vya milango ya jirani vimeinuliwa kwa zege? Mifuko ya mchanga imepangwa kando ya uzio? Mfereji wa mtaa unaelekea wapi? Na kuna yule mama muuza genge aliyekaa kona hiyo miaka yote. Akisalimiwa vizuri na kuulizwa, "Mama, shikamoo, masika maji hufika wapi hapa?" atanyoosha mkono kuonyesha, na mara nyingi anaonyesha kwa kiganja kwenye mguu wake mwenyewe. Hana asilimia ya udalali katika mauzo hayo.

Alama nyingine ya nje ni ile herufi X nyekundu inayochorwa kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi, nyingine za ghorofa na zenye marumaru za bei, zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, iliyohesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Huko Syokimau, nje ya Nairobi, Novemba 2011 matingatinga yaliangusha nyumba nzuri za watu waliokuwa na karatasi mikononi, kwa kuwa ardhi ilidaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Hakuna mhandisi ambaye angeziokoa nyumba zile kwa kupima nyufa. Ndiyo sababu mpima ardhi huja kwanza, halafu wengine.

Ndani ya geti, ukuta.

Karibu kila nyumba ya matofali ina ufa mahali fulani, na mnunuzi anayekimbia kila ufa atapanga maisha yake yote. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu hutokana na saruji kukauka, nazo ni kazi ya mpaka rangi. Ufa wa kuogopwa una umbo. Huanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango na kwenda mshazari, au hupanda kwa kufuata maungio ya matofali kama ngazi, na unakuwa mpana upande mmoja kuliko mwingine. Huo unasema msingi umezama upande mmoja. Mwongozo unaotumiwa na wakaguzi wa Uingereza huhesabu ufa usiozidi milimita 5 kuwa kwa kawaida ni doa la sura tu. Kuanzia 5 hadi 15 milango na madirisha huanza kukwama, na zaidi ya hapo panahitajika ukarabati mkubwa. Mlango, kwa hiyo, ni kipimo cha bure. Kila mlango wa nyumba ufunguliwe na ufungwe. Uliorandwa juu ili uache kugusa fremu umetoa taarifa.

Katika sehemu za Nairobi zenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukinyonya maji na kusinyaa ukikauka, jambo hili ni zito zaidi. Nyumba huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Swali kwa muuzaji ni moja: udongo ule uliondolewa kabla ya kumwaga msingi, ukaletwa wa kujazia?

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye biashara ya nyumba methali hii ina hatari yake, maana muuzaji huuziba ufa kwa lipu na skimu, na ukuta anakuja kuujenga mnunuzi. Kiraka cha lipu kisicholingana na ukuta wote, au chumba kimoja kilichopakwa rangi mpya wakati vingine vina rangi ya zamani, kitazamwe kwa makini kuliko chumba chenye ufa ulio wazi. Ufa ulio wazi haujamficha mtu kitu.

Pwani ina ugonjwa wake wa peke yake, nao ni chumvi. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa, au iliyo mita chache kutoka ufukweni, hubeba chumvi ndani ya zege. Chumvi na unyevu vikifika kwenye nondo, chuma huanza kushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Zege halina pa kukimbilia, hupasuka. Dalili zake ni mistari ya rangi ya kahawia chini ya slabu ya baraza, vipande vinavyobanduka kwenye kona za nguzo, nondo inayochungulia. Mhandisi hugonga kwa nyundo ndogo akisikiliza: zege zima hulia kwa mlio mkavu, zege lililoachana na nondo hulia kama debe. Hapa mnunuzi asikubali kuambiwa ni lipu tu. Nguzo zikiwa hivyo, bei ya nyumba hujadiliwa upya kuanzia sifuri, au mtu huaga kwa heshima na kuondoka.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una somo lake. Kuta za nyumba zake za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake vingi ni virefu lakini vyembamba: boriti ina urefu wake. Kuta za chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Fundi anayezipiga lipu ya saruji ili zipendeze huufungia unyevu ndani, na ukuta huoza taratibu nyuma ya uso uliolainika. Anayenunua nyumba ya huko atafute fundi anayeijua chokaa. Mhandisi hodari wa maghorofa ya kisasa anaweza asiione hatari hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, kasri la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lililopendwa na kutazamwa na dunia nzima lilianguka mchana kweupe. Nyumba ya uchochoroni ambayo hakuna anayeitazama ina haki zaidi ya kukaguliwa.

Juu ya dari ndiko wanunuzi wengi hawafiki, na ndiko nyumba hutunza kumbukumbu zake. Panahitajika ngazi, tochi na bisibisi. Tochi ikizimwa, matundu ya misumari huonekana kama nyota. Madoa kwenye mbao za kenchi huonyesha njia ya maji vizuri kuliko doa lililo kwenye dari, kwa sababu maji huteremka na mbao kabla ya kudondoka. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni vya mchwa, na bisibisi inayozama kwenye mbao bila nguvu imemaliza mjadala. Bati nalo liulizwe geji yake: geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba zinamdanganya asiyejua. Mapaa ya zamani ya asbesto yasikwanguliwe wala kutobolewa kwa majaribio, maana vumbi lake husababisha saratani. Yataandikwa kwenye ripoti na kuondolewa na wenye ujuzi.

Umeme hauna mengi ya kusimulia. Fundi afungue boksi la swichi kuu, athibitishe waya wa ethi umefika ardhini kweli, na atazame kama nyaya za nyumba ya vyumba viwili ndizo zinazobebeshwa viyoyozi vitatu.

Anayenunua fleti ana kazi ya ziada: jengo zima ni lake pia. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mtaani Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa sita liliporomoka wakati wa mvua kubwa na kuua karibu watu 50. Lilikuwa karibu na mto, na wenye mamlaka walikuwa wameshalitaja kuwa si salama. Taarifa ilikuwepo, ila wapangaji walikuwa bado wanaishi ndani. Kumtembelea ofisa wa majengo wa halmashauri au kaunti na kuuliza jengo fulani lina kibali cha ghorofa ngapi, kisha kusimama barabarani na kuzihesabu, ni kazi ya asubuhi moja.

Muuzaji mwenye busara hasubiri haya yote yamkute. Humwita mhandisi wake kabla ya kumwita dalali, hutengeneza chanzo cha kuvuja badala ya kupaka rangi doa, na hutunza risiti. Kile asichoweza kukitengeneza hukiandika na kukipunguza kwenye bei. Wauzaji wengi huogopa kwamba ukweli utamfukuza mnunuzi. Ukweli humfukuza yule ambaye angerudi na wakili. Na mjadala wa bei unaosimama juu ya ripoti huwa mfupi, kwa kuwa pande zote mbili zinaongelea slabu ileile na kiasi kilekile cha fedha.

Kwa wale walio mbali, Muscat, London au Minneapolis, wanaonunua nyumba ya nyumbani kwa picha za simu, tahadhari huongezeka. Picha haina harufu ya ukungu, na mpigaji picha ndiye anayechagua pa kuelekeza kamera. Ndugu aliyetumwa kuangalia anaweza kuwa mwaminifu na bado asijue aangalie nini. Ada ya mhandisi asiyejuana na muuzaji wala dalali hailingani hata kidogo na gharama ya kuvunja nguzo moja na kuimwaga upya.

Ziara ya mwisho hufanywa nyumba ikiwa tupu, makochi na mazulia yakiwa yameondoka, na kabla ya malipo ya mwisho. Bora iwe masika. Kama ni kiangazi, mvua itengenezwe: mpira wa maji upandishwe ngazi na uelekezwe kwenye kofia ya paa na maungio ya bati kwa dakika 20, huku mtu mwingine akiwa darini na tochi. Sakafu ya bafu la juu izibwe tundu, ijazwe maji, iachwe kwa saa kadhaa, kisha dari ya chini ipapaswe kwa kiganja. Mabomba yote yafunguliwe kwa pamoja, vyoo vyote vivutwe. Halafu mnunuzi na fundi bomba watoke nyuma ya nyumba, wafunue chemba ya mwisho kabla ya shimo la maji taka, wachuchumae, na wasubiri waone maji yanafika kwa kasi gani, na kama yote yamefika.